Je, Wajua? Mwanga wa Nyumba Hautoki kwenye Balbu Peke Yake

Jua likishazama hapa kwetu Kabazi, kaunti ya Nakuru, giza halichelewi. Saa kumi na mbili na nusu bado unamwona jirani akipanda njia na mkebe wake wa maziwa. Ikifika saa moja na robo unamtambua kwa sauti tu. Hapo swichi zinabonyezwa, na lalamiko linaanza katika nyumba nyingi: "Taa hii haiangazi, tununue kubwa zaidi." Kesho yake balbu kubwa inanunuliwa, na mtoto anaendelea kuandika akiwa amekifunika kitabu kwa kivuli chake mwenyewe.

Safu ya leo inahusu mwanga wa ndani ya nyumba. Mambo unayohitaji kuyajua ni manne, na yote yamo katika somo la fizikia la sekondari: mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, hupungua unaposambaa, hudunda ukigonga kitu, na hupinda ukiingia kwenye maji au kioo. Mwenye kuyaelewa hayo manne ataiangaza nyumba yake vizuri kuliko mwenye pesa za balbu kubwa.

JUA LA IKWETA

Je, wajua kwamba barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu inaikata ikweta, na kwamba sisi wa Kabazi na Subukia tunaishi karibu kabisa na mstari huo? Ndiyo sababu mchana wetu una saa 12 na dakika kama 7, Januari hadi Disemba.

Je, wajua zile dakika 7 za ziada zinatoka wapi? Kwa sehemu kubwa ni zawadi ya hewa. Angahewa hupinda miale ya jua, kwa hiyo jua unaloliona likigusa upeo wa macho jioni limekwisha kushuka chini ya upeo huo. Unachokitazama ni mwanga uliopindishwa ukakufikia.

Je, wajua kwamba kuanzia jua kuzama hadi giza kuingia ni kama dakika 21 tu hapa kwetu? Jua la ikweta hushuka wima kama ndoo kisimani. Watu wa Ulaya ya kaskazini hukaa na mwangaza wa jioni kwa muda mrefu kwa sababu jua lao huteremka kimshazari.

Je, wajua kwamba jua halifiki utosini saa sita kamili? Saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko karibu na nyuzi 36. Kwa hiyo jua la Kabazi hufika kileleni karibu na saa sita na nusu. Simama nje wakati huo mnamo tarehe 20 Machi au 22 Septemba, utakuta kivuli chako kimejikunja chini ya miguu.

Je, wajua ukuta upi wa nyumba unateseka zaidi? Ni ule wa mashariki na ule wa magharibi, kwa sababu asubuhi na jioni jua huwa chini na huingia dirishani moja kwa moja, likikuchoma macho na kupausha makochi. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hupata jua la juu, ambalo paa linaweza kulizuia. Fundi mwenye busara huilaza nyumba yake toka mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa akayaweka kaskazini na kusini.

Je, wajua kwamba paa linalotokeza sentimita 52 tu kupita ukuta linatosha kulikinga dirisha la kaskazini au kusini lenye kimo cha mita 1.2 dhidi ya jua la adhuhuri, mwaka mzima? Hata Juni na Disemba, jua linapokuwa mbali zaidi na ikweta, halivuki nyuzi 23.4 kutoka utosini mwetu. Dirisha likikingwa hivyo, kinachoingia ni mwanga mpole wa anga, usioumiza macho wala kupasha nyumba joto.

Je, wajua kipimo cha mwanga unaoangukia kitu? Huitwa luksi. Mshumaa mmoja ukiwa umbali wa mita moja kutoka kwenye kitabu unatoa takriban luksi 1. Jua la adhuhuri linatoa luksi kama 100,000. Mbalamwezi kamili haifikishi hata luksi 1. Kwa kusoma na kuandika, viwango vya kimataifa vinapendekeza luksi 300 hadi 500.

TUNDU LA MSUMARI

Je, umewahi kukaa ndani ya nyumba ya mabati mchana ukaona vidoa vya mwanga sakafuni? Vitazame vizuri. Tundu la msumari linaweza kuwa na umbo lolote, hata la pembe tatu, lakini kidoa kilichoko sakafuni ni cha duara. Kwa nini? Kwa sababu kidoa kile ni picha ya jua lenyewe. Kila sehemu ya jua hupitisha miale yake tunduni kwa mstari ulionyooka, na picha nzima inajichora chini, juu chini.

Je, wajua kwamba unaweza kujua ukubwa wa kidoa hicho kabla hujakipima? Gawa umbali kutoka tunduni hadi sakafuni kwa 108. Paa likiwa mita 3 juu, kidoa ni karibu sentimita 3, mradi jua liko utosini na tundu ni dogo. Mchukue mtoto na rula mkapime. Hilo ni somo la anga ambalo shule haihitaji kulinunulia kifaa.

Je, wajua kilichotokea kwa vidoa hivyo alasiri ya tarehe 3 Novemba 2013? Siku hiyo mwezi ulilipatwisha jua, na wenye bahati kule Turkana waliona likifunikwa lote. Sehemu nyingine za Kenya lilimegwa upande. Kila tundu la bati na kila upenyo wa majani ya mti uliopata jua ulikuwa ukichora jua lililomegwa, lenye umbo la hilali.

Je, wajua nani aliyelichunguza jambo hilo kwa kina miaka elfu moja iliyopita? Ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra karibu mwaka 965, aliyefanya kazi kubwa akiwa Kairo. Aliandika risala nzima kuhusu umbo la jua lililopatwa linavyoonekana kupitia tundu. Katika kitabu chake kikuu, Kitab al-Manazir, alithibitisha kwamba jicho halitoi miale ya kuona. Mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni. Kila taa tunayotundika leo inasimama juu ya ukweli huo: usiulize taa inang'aa kiasi gani, uliza ni mwanga kiasi gani unatoka kwenye kitabu, sufuria au uso wa mtu ukafika jichoni.

Je, wajua kwamba mwanga wenyewe hauonekani ukipita pembeni yako? Ule mshale wa jua unaouona jikoni ni vumbi na moshi uliogongwa na mwanga. Na kama moshi huo unaonekana wa buluu, ni kwa sababu chembe zake ndogo sana hutawanya mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, kama hewa inavyolifanya anga kuwa la buluu.

Je, wajua kwamba chupa ya maji inaweza kuwa taa ya mchana? Mwaka 2002, fundi Mbrazili aitwaye Alfredo Moser wa mji wa Uberaba alitoboa bati, akaingiza chupa ya plastiki iliyojaa maji, nusu juu ya paa, nusu ndani, akaziba kingo. Tundu tupu lingeangusha kidoa kimoja sakafuni. Maji hupinda miale, miale ikadunda kwenye kuta za chupa kisha ikatoka pande zote. Jua likiwa kali, chupa moja huangaza kama balbu ya zamani ya wati 40 hadi 60. Dawa kidogo ya kung'arisha nguo nyeupe huwekwa ndani ili maji yasiote ukungu wa kijani.

DIRISHA NA KIOO

Je, wajua kwamba dirisha la juu linashinda dirisha pana? Kwa makadirio ya wasanifu majengo, mwanga wa mchana wa kufanyia kazi huingia chumbani hadi umbali wa takriban mara mbili ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Ukingo ukiwa mita 2 kutoka sakafuni, mwanga unafika mita 4 hivi. Ukiupandisha hadi mita 2.4, unaongeza karibu mita nzima ya chumba bila kutumia senti ya stima.

Je, wajua kwamba kingo za ndani za dirisha kwenye ukuta mnene zinafaa kukatwa kimshazari na kupakwa rangi nyeupe? Kingo hizo hupokea mwanga mkali na kuutupa ndani. Pia hupunguza ule mpaka wa ghafla baina ya kioo kinachong'aa na ukuta wenye giza, ambao ndio hasa unaochosha macho.

Je, wajua kwamba kioo cha dirisha kina undugu na Ziwa Magadi? Kioo hutengenezwa kwa mchanga wa silika, chokaa na magadi. Silika peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi. Magadi hulishusha joto hilo sana, na ndiyo maana magadi yanayochimbwa Bonde la Ufa, kusini mwa Nairobi, huuzwa kwa watengenezaji vioo.

Je, wajua kwamba Bonde la Ufa lilijitengenezea kioo kabla ya kiwanda chochote? Volkano za Eburu, jirani na Naivasha, zilitema lava iliyopoa upesi ikawa kioo cheusi kiitwacho obsidiani. Mababu wa kale walikichonga wakapata visu na ncha, na vipande vyake vimefukuliwa Hyrax Hill pale Nakuru. Ukikigeuza juani kinakuonyesha uso wako hafifu.

Je, wajua kwa nini dirisha safi hugeuka kioo cha kujitazamia usiku? Kila uso wa kioo hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga, na dirisha lina nyuso mbili. Mchana asilimia hizo 8 humezwa na mwanga wa nje. Usiku nje ni giza, na picha yako hafifu inabaki peke yake. Kiswahili kililiona hilo zamani: kitu cha kuonea nje na kitu cha kujitazamia vyote tunaviita kioo.

Je, wajua kwamba kioo cha ukutani hakiongezi mwanga? Kinaubadilishia njia tu. Ukikitundika mkabala na dirisha, kitautupa mwanga upande wa pili wa chumba. Ukikitundika mkabala na ukuta wenye giza, kitakuonyesha giza mara mbili.

Je, wajua jinsi mafundi wa Lamu walivyolimaliza tatizo la giza ndani ya nyumba karne nyingi kabla ya stima? Urefu wa boriti za mikoko uliwalazimisha kujenga vyumba vyembamba, vyenye upana wa mita tatu hivi. Wakaacha kiwanda, yaani ua mdogo wa ndani ulio wazi juu, mwanga ukawa unashuka humo na kuingia vyumbani. Kuta wakazipiga lipu nyeupe ya chokaa ya matumbawe, na chumba cha nyuma kabisa wakakipamba kwa zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Mwanga kidogo uliofika huko ulidunda kutoka ukuta hadi ukuta. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001.

KUTA NI TAA YA PILI

Je, wajua kwamba rangi nyeupe nzuri hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoigonga, saruji tupu karibu asilimia 30, na ukuta wenye masizi huenda usirudishe hata asilimia 5? Hapa ndipo pesa zako zinapopotelea.

Tuifanye hesabu. Chukua chumba kilichofungwa ambacho kuta zake zote hurudisha asilimia 80. Mwanga hudunda ukabaki asilimia 80, ukadunda tena ukabaki 64, ukadunda tena ukabaki 51, na kuendelea. Ukijumlisha midundo yote, kuta zinapata mwanga mara 5 ya ule uliotoka kwenye balbu. Kwa saruji tupu unapata mara 1.4. Kwa masizi unapata 1.05, yaani balbu na kidogo tu. Balbu ni ileile, tokeni ni zilezile, lakini chumba kimoja kina mwanga zaidi ya mara 3 ya kingine.

Nimeyaona haya kwa macho yangu jikoni kwa mama. Jiko lake la kuni liliipaka dari na kuta weusi unaong'aa kama lami. Tulimwekea balbu, tukambadilishia nyingine yenye nguvu zaidi, na bado alikuwa akiinamia sufuria kuona kama maharagwe yameiva. Siku moja tulikwangua masizi, tukapiga chokaa ukuta ulio nyuma ya jiko na kugongomea ubao mweupe juu ya meza ya kukatia mboga. Jioni hiyo mama aliwasha balbu ileile, akasimama mlangoni kidogo, akauliza ni nani aliyeleta taa mpya.

Je, wajua kwamba rangi isiyong'aa inaweza kuwa na vumbi la ziwa la kale ndani yake? Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya diatomaiti, unga mweupe uliotokana na maganda ya silika ya vijimea vidogo sana vya majini vilivyokufa na kurundikana ziwani. Duniani kote unga wa aina hii huchanganywa kwenye rangi ili uso wake uwe na vichuguu visivyoonekana kwa macho, na mwanga utawanyike badala ya kumulika kama kioo. Hapohapo Kariandusi, mwaka 1928, Louis Leakey aligundua eneo lenye mashoka ya mawe ya kale, mengine yakiwa ya obsidiani. Mahali pamoja pana jiwe linalong'aa na unga unaoua mng'aro.

Je, wajua kwa nini mtoto aliyekaa pembeni mwa darasa haoni ubaoni? Mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyoingilia. Ubao uliosuguka ukang'aa humtupia mwanga wa dirisha usoni yeye peke yake. Mwalimu hana haja ya kumwambia aongeze bidii. Amhamishe kiti, au ubao upakwe upya rangi isiyong'aa.

Je, wajua kwamba ile desturi ya kupaka nusu ya chini ya ukuta rangi iliyokoza ili isionyeshe uchafu haina madhara makubwa, mradi nusu ya juu na dari ziwe nyeupe? Dari ndiyo iliyo wazi zaidi, haina kabati wala kalenda ya kuifunika. Ukiwa na pesa za kopo moja la rangi, anzia juu.

BALBU, UMBALI NA KIVULI

Je, wajua kwamba wati si kipimo cha mwanga? Wati ni stima unayoilipia. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Mshumaa hutoa lumeni kama 12. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa kama 700 hadi 800, na balbu ya LED ya wati 9 hutoa kiasi hichohicho. Ya zamani ilikuwa jiko lililojifanya taa, kwani sehemu kubwa mno ya stima yake iligeuka joto. Dukani, soma lumeni kwenye boksi.

Je, wajua kwamba LED nyekundu ilipatikana mwaka 1962, lakini ya buluu yenye nguvu ikachukua miaka thelathini zaidi? Bila ya buluu hakuna nyeupe, kwa sababu balbu nyeupe ya LED ni chembe ya buluu iliyofunikwa unga wa manjano, na macho huona mchanganyiko wao kuwa weupe. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, walitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Je, wajua kwamba mwaka 2004 kijana Mkenya Evans Wadongo, aliyesoma utotoni kwa mwanga wa koroboi na moshi wake, alibuni taa ya LED ya nguvu za jua akaiita MwangaBora? Alikuwa hajatimiza miaka 20.

Je, wajua kwamba zaidi ya thuluthi moja ya stima ya Kenya, inayowasha balbu hizi, hutokana na mvuke wa ardhini, na kwamba mitambo ya kwanza ya Olkaria ilianza kazi mwaka 1981 katika kaunti yetu hii ya Nakuru?

Je, wajua kanuni inayookoa pesa kuliko zote? Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hupungua mara nne. Ukiongezeka mara tatu, hupungua mara tisa. Mwanga unasambaa kama samli juu ya chapati: chapati ikiwa kubwa, kijiko kilekile kinakuwa chembamba.

Tuipime kwenye meza ya mtoto. Balbu ya lumeni 800 inayotawanya sawa pande zote inatoa luksi 64 kwa umbali wa mita moja. Ukiitundika darini, mita 1.75 juu ya meza, kitabu kinapata luksi 21 tu kutoka kwenye balbu yenyewe. Ishushe kwa waya hadi sentimita 60 juu ya meza, kitabu kinapata luksi 178. Ni mara 8 zaidi, kwa gharama ya mita moja na kidogo ya waya na kishikizo. Fundi wa stima aifanye kazi hiyo, na waya uwe imara usioweza kuvutwa na mtoto.

Je, wajua kwamba kifuniko cheupe juu ya balbu iliyoshushwa hivyo kinarudisha chini mwanga uliokuwa ukipotea juu? Hata bakuli jeupe la plastiki lililotobolewa katikati linafaa kwa balbu ya LED. Kwa balbu ya zamani usithubutu, kwa kuwa inachoma.

Je, wajua kwamba mwanga unaoangukia kitabu kimshazari kwa nyuzi 60 kutoka wima hukiangaza nusu tu ya ule unaoangukia wima? Mwanasayansi Johann Heinrich Lambert aliandika kuhusu kanuni hiyo mwaka 1760. Kuinua kitabu kidogo kielekee taa ni sawa na kuongeza mwanga.

Je, wajua taa ikae upande gani? Anayeandika kwa mkono wa kulia aipate kushoto, wa mkono wa kushoto aipate kulia. Na anayepika asiwe na balbu nyuma ya mgongo, maana atakuwa akikata vitunguu ndani ya kivuli chake. Iwe mbele yake, juu ya meza.

Je, wajua kwa nini kivuli cha balbu ndogo ni kikali na cha taa ndefu ni laini? Mwanga unaotoka mahali pengi huzunguka mkono na kuijaza sehemu ya kivuli. Ndiyo maana balbu mbili ndogo zilizotengana hushinda moja kubwa iliyo katikati ya dari.

Je, wajua la kufanya stima ikipotea? Washa tochi ya simu ikitazama juu, weka juu yake chupa ya maji iliyofungwa vizuri. Ukitia tone la maziwa ndani ya maji, mwanga utatawanyika zaidi, kwa sababu vitone vya mafuta vya maziwa huutupa kila upande. Sebule yote itaona.

JICHO LENYEWE

Je, wajua kwamba balbu tupu iliyo mbele ya macho yako huifanya nyumba ionekane na giza zaidi? Mboni inaweza kujikaza kutoka milimita 8 hadi 2, na mwanga unaoingia ukapungua mara 16. Ifunike balbu isionekane moja kwa moja, na chumba kitaonekana kimepata mwanga.

Je, wajua kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupata ndani takriban thuluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20? Mboni imekuwa ndogo na lenzi imeanza kuwa ya manjano. Nyanya akisema hapaoni, usimwambie taa iko sawa. Msogezee taa.

Je, wajua kwamba mwanga una rangi ya saa yake? Boksi likiandikwa 2700K, taa ni ya manjano tulivu, inafaa sebuleni na chumbani. Likiandikwa 6500K, ni nyeupe yenye ubuluu, inafaa dukani na mezani pa kazi. Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake ni kuuambia mwili kama ni mchana au usiku, na zinaitikia sana mwanga wa buluu. Taa ya buluu usiku wa manane hufukuza usingizi.

Je, wajua kwa nini kitambaa ulichokinunua chini ya taa za duka la Nakuru hugeuka rangi ukifika nyumbani? Kitu hakiwezi kurudisha rangi ambayo taa haikuitoa. Kitoe mlangoni ukitazame kwa jua kabla hujalipa.

NA KUKU JE?

Je, wajua kwamba kuku wa mayai anahitaji saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku, wakati ikweta inampa 12 tu? Mwanga hupenya fuvu lake na kuigusa sehemu ya ubongo inayoamuru mayai. Ndiyo sababu mfugaji huwasha taa alfajiri au jioni. Afute vumbi kwenye balbu, na apige chokaa bandani, kwani kanuni ya ukuta mweupe inafanya kazi kwa kuku kama kwa mtoto wa shule.

FANYA LEO JIONI

Kabla hujanunua balbu nyingine, kaa mahali mtoto wako anaposomea. Weka kiganja juu ya kitabu. Kivuli kikianguka pale kalamu inapopita, hamisha meza. Tazama umbali wa taa, uipunguze. Tazama ukuta ulio karibu, uusafishe au uupake rangi nyeupe. Ukimaliza hayo ndipo uhesabu kama balbu haitoshi. Mara nyingi utakuta ilitosha tangu mwanzo.